Nyasi za Moturone

Wifi yangu Moturone alikuwa mfupi, mpana, na mbishi kupita kiasi. Ukimwambia kumekucha, atachungulia dirishani kwanza. Aliolewa na kaka yangu Silip mimi nikiwa bado nasuka mikia miwili, na siku ile ile ya kuletwa kwetu alinitazama kutoka juu hadi chini akasema, "Huyu ndiye wifi? Mbona mwembamba hivi, huku kwenu chakula wanakula wanaume tu?" Nikamjibu kwamba afadhali wembamba kuliko miguu ya bata. Basi tukapatana. Tumetaniana na kutukanana maisha yetu yote, na kati ya watu wote wa kijiji chetu cha Hariyalah hakuna niliyempenda kama yeye.

Maisha yake yalikuwa ng'ombe. Alikamua kwenye shamba la serikali tangu usichana, mpaka vidole vikapinda na kukataa kunyooka. Shamba lilipovunjwa na kila mtu akaambiwa achukue fungu lake, kijiji kizima kiliingiwa na wazimu. Mmoja alichukua injini isiyo na gari, mwingine akabeba milango ya ghala, hana hata ghala la kuitia. Kaka yetu mkubwa Habiris hakuzubaa, alichukua trekta na kundi la farasi. Moturone yeye alikwenda moja kwa moja zizini, akafungua ng'ombe wawili na dume changa moja, akaondoka nao bila kuaga.

Habiris alimcheka mbele ya watu. "Shemeji, farasi anajichimbia mwenyewe chakula chini ya theluji. Ng'ombe ni mgonjwa asiyepona! Utamlisha, utamnywesha, utamvalisha mpaka nguo za ndani!"

"Na wewe je?" Moturone akamwambia. "Okulun anakulisha, anakunywesha, na nguo za ndani anakufulia. Mbona hajakuchinja?"

Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Okulun mkewe alicheka kuliko wote.

Lakini hilo la nguo za ndani ni kweli. Ng'ombe wetu wanaotoka kwenda kunywa maji kwenye tundu la barafu ziwani huvalishwa sidiria ya manyoya kwenye kiwele, maana pasipo hiyo chuchu zinaganda zikakatika. Moturone alizishona mwenyewe kwa ngozi za sungura na makoti ya marehemu Silip. Ukiwaona wamejipanga kwenye theluji na sidiria zao, na mvuke unawatoka puani, utasema wanawake wanaokwenda arusini.

Silip alikufa akifyeka majani, mundu mkononi. Moyo tu, ukasimama. Alibaki Moturone na binti yao Kunney, naye Kunney akaolewa mjini Yakutsk, akapanga nyumba ghorofa ya tano. Kila simu ilikuwa ile ile: mama, uza ng'ombe, njoo upumzike. Moturone alikuwa anamsikiliza mpaka mwisho halafu anamuuliza, "Huko ghorofani nitakamua nini, bomba la maji?"

Mwaka huu ninaousimulia alikuwa na ng'ombe watatu, mtamba mmoja, na lile dume, ambalo sasa lilikuwa maksai wa kuburuta sleji, gari la theluji lisilo na magurudumu. Mkubwa wao aliitwa Bikizee. Wengine ni Madoa na Mbweha, na mtamba ni Ukungu, kwa rangi yake. Ng'ombe wakubwa watatu walikuwa na mimba. Ukitaka kujua mali ya Moturone, hiyo ndiyo mali. Maziwa yalimlisha, siagi ilimvisha, na ndama ndio waliompa sababu ya kuamka kukiwa na baridi ya kupasua miti.

Kiangazi kilichotangulia kilikuwa kibaya. Mvua ilinyesha wakati wa kukata majani, mbuga za karibu zikageuka madimbwi, kila nyumba ikapata nyasi nusu. Habiris peke yake, kwa trekta lake, alifika mbuga za mbali na kujaza ua wake. Moturone na mimi tulivuka ziwa kwenda kwenye mbuga ya Silip, huko ng'ambo, iliyoinuka kidogo. Tulifyeka kwa mikono, tukaumwa na mbu mpaka nyuso zikavimba. Mimi nilirusha kwa uma wa nyasi, yeye alikuwa juu ya rundo akikanyaga, akilichonga bega na kichwa ili maji yateremke. Alikuwa ananipigia kelele, "Rusha, wifi! Unarusha au unabembeleza?" Rundo likasimama zuri, la kijani hata ndani. Tukalizungushia uzio wa fito za msonobari, tukazifunga kwa vitawi vibichi vya mierebi, kila fundo alilivuta mwenyewe kwa mguu.

Uzio huo si mapambo. Kwetu sisi Wasakha farasi hutembea huru majira yote ya baridi, na sheria inajulikana na kila mtoto: uzio ni wa mwenye nyasi. Farasi akila rundo lisilo na uzio, mwenye farasi hadaiwi. Ndiyo maana tulifunga namna ile.

Nyasi za nyumbani ndizo huliwa kwanza. Za ng'ambo hungoja ziwa ligande vizuri, na theluji ilainishe njia, ndipo zinafuatwa kwa sleji. Basi mwezi wa pili zilipobaki nyumbani nyasi za siku chache, tulimfunga maksai, tukavuka. Moturone alikuwa na furaha njia nzima. Aliimba, na haimbi vizuri.

Tulipofika hatukukuta rundo. Palikuwa na uwanja uliokanyagwa, umejaa mavi ya farasi yaliyoganda, na katikati vijiti vilivyosalia vya kitako cha rundo. Nilidhani tumepotea njia. Nikatazama huku na huku, nikaona mti wa Silip wenye pengo la shoka, nikajua hatukupotea. Nikakaa kwenye theluji.

Moturone hakukaa. Alizunguka uzio. Pande tatu zilikuwa zimesimama kama tulivyoziacha. Upande wa nne fito zote zilikuwa zimetolewa, nazo zimeegemezwa kwenye mti, moja baada ya nyingine, zimepangwa vizuri.

"Njoo uone, wifi," akasema. "Upepo wa mwaka huu una adabu."

Tulijua sote wawili. Kila vuli Habiris hukusanya farasi ili atoe watoto wa kuchinja, na farasi wale ni wakorofi, hawakubali kushikwa. Dawa yao ni uzio wenye rundo ndani. Unafungua upande mmoja, wanafuata harufu, unawafungia humo humo. Ukishamaliza unarudisha fito na kufunga. Ukisahau kurudisha, au ukiona uvivu, wakorofi wale wanarudi wenyewe, na hawasahau njia.

Moturone aliokota donge kubwa la mavi ya farasi, gumu kama jiwe, akalitia kwenye gunia.

"La nini hilo?"

"Nyasi zangu hizi. Nazipeleka kwa aliyezila."

Tukaenda kwa Habiris moja kwa moja, hata kubadili viatu hatukubadili. Okulun alitukaribisha mezani, akaleta chai ya maziwa, maandazi ya moto na siagi iliyopigwa kwa matunda ya msituni. Habiris akaingia anapangusa mikono, akasalimu kama tunavyosalimiana: "Simulieni!"

Jibu la heshima ni moja tu: hatuna jipya, simulia wewe. Hata kama nyumba yako imeungua, unaanza hivyo. Moturone akasema, "Ninalo," akalitoa lile donge akaliweka mezani, kando ya siagi.

Okulun akapiga yowe. Habiris akalitazama donge, kisha akamtazama Moturone.

"Una wazimu, shemeji? Mezani?"

"Rundo langu lote limegeuka hilo. Ni farasi wako."

"Uzio ni wa mwenye nyasi," Habiris akasema, akakaa. "Sikuitunga mimi sheria hiyo. Farasi hana hatia."

"Uzio ulikuwepo. Nani ametoa fito?"

"Upepo."

"Upepo unatoa fito na kuziegemeza kwenye mti?"

"Basi ulifunga vibaya. Kazi ya wanawake."

Hapo nikashindwa kuvumilia. "Kaka, wewe vuli ulikuwa ng'ambo ile unashika farasi. Tulikuona unapita."

"Dariya, nyamaza. Hukuulizwa."

"Sinyamazi! Nyasi zile nimezirusha mimi, mgongo huu unaniuma mpaka leo!"

Habiris akaanza kunywa chai yake taratibu, kama mtu mwenye muda. Alikuwa mkubwa wetu, amezoea sisi kunyamaza. "Maji yakimwagika hayazoleki," akasema. "Sikiliza ushauri mzuri, shemeji. Wachinje sasa wangali na nyama. Bakisha mmoja, nitamtafutia nyasi kidogo, kwa hisani. Wewe ni mke wa marehemu ndugu yangu, siwezi kukuacha."

Moturone alisimama. Hakugusa chai wala andazi, na kwetu hilo ni tusi kubwa kuliko donge mezani.

"Maji hayazoleki, lakini hizi ni nyasi," akasema. "Najua ziko kwenye tumbo gani. Mnyonge mnyongeni, Habiris, lakini haki yake mpeni. Hisani yako mpe mbwa wako."

Tukatoka. Njiani nililia kwa hasira. Yeye alikuwa anahesabu kwa sauti makonzi ya nyasi zilizobaki zizini, nani ampe ngapi.

Kulisha ng'ombe wakati nyasi zipo ni kazi. Kulisha wakati hazipo, hiyo ni akili na roho ngumu. Moturone alichukua zile nyasi chache akazikatakata fupi, akachanganya na vitawi vya mierebi na vichwa vya magugu yaliyochomoza kando ya ziwa juu ya theluji. Tulikwenda kuyakata magugu hayo kila mchana, tukarudi na kope zimeshikana barafu. Alichemsha mifupa ya samaki, akawapa mchuzi wake wa moto uliotiwa konzi ya unga. Unga huo ulikuwa wa mkate wake. Majirani walileta kila mmoja mkono mmoja wa nyasi, walichoweza, kwa maana wao pia walikuwa wanahesabu. Aliwashukuru wote, tena kwa kuinama. Nasema hilo mapema ili asije mtu akadhani wifi yangu hakujua kushukuru.

Lakini wapi! Mifupa ya nyonga ikaanza kuonekana kwa Madoa. Mbweha akaacha kutoa maziwa. Bikizee akawa akilala hainuki mpaka tumnyanyue, mimi mkiani, Moturone kifuani. Mwezi wa tatu ulikuwa umeanza, na majani mabichi kwetu hayaoti mpaka katikati ya mwezi wa tano.

Kila aliyepita alikuwa na neno lile lile. Chinja. Hata mimi nilimwambia, siku tuliyomnyanyua Bikizee mara tatu.

"Wifi, wanateseka. Chinja wawili uokoe wengine."

"Nikichinja wawili mwaka huu, Habiris atakuwa amesema kweli: ng'ombe wa mwanamke hawezi kufika kiangazi. Na mwaka kesho nikichinja mmoja, nitapanda ghorofa ya tano. Thubutu! Sipandi."

"Basi utafanyaje?"

Asubuhi ya pili yake niliamka nikasikia kengele ya maksai nje. Nikatoka. Wote watano walikuwa wamefungwa kwa mstari, majike wamevalishwa sidiria zao safi, magunia mgongoni, na Moturone mbele amevaa kilemba chake cha sikukuu.

"Unakwenda wapi na maiti hawa?"

"Kwa shemeji. Wageni."

"Wewe! Watakufa njiani!"

"Zizini watakufa vile vile, tena kimya. Wakifa ziwani, angalau kijiji kizima kitaona nani kawaua. Unakuja au unabaki kupiga kelele?"

Nikaenda. Ningefanyaje? Ua wa Habiris uko upande wa pili wa ziwa letu, ambalo kwa heshima tunaliita Bibi na hatulitaji jina jingine. Tulikwenda polepole sana. Moshi wa nyumba ulisimama wima kwa baridi, na theluji ilipiga kelele chini ya kwato. Katikati Bikizee akaanguka. Tukamnyanyua. Akaanguka tena. Watu walikuwa wameanza kutoka majumbani, wengine wamevaa buti mguu mmoja, wakaja wakatusaidia kumsimamisha, halafu hawakurudi. Walitufuata. Tulipofika kwa Habiris tulikuwa msafara.

Moturone akagonga mlango. Habiris akatoka amevaa fulana ya ndani, akavuka kizingiti, akasimama.

"Nini hiki?"

"Wageni," Moturone akasema. "Wametembea wamechoka. Kwetu mgeni haulizwi habari kabla hajatia kitu mdomoni. Au kwako desturi imebadilika?"

"Hao ni ng'ombe!"

"Na mimi nimo. Lakini mimi nimeshiba, sehemu yangu wape wao."

Mtu mmoja nyuma akaguna kicheko. Habiris akatazama zile nyuso zote. Ungemwona mwekundu mpaka masikioni, na haikuwa baridi. Kumfukuza mgeni mbele ya kijiji, mwezi wa tatu, kwenye baridi kama ile! Baba yetu angefufuka amchape. Akaingia ua wake wa nyasi, akachota uma mmoja, akawatupia.

"Mgeni mmoja kala," Moturone akasema. "Bado wanne."

Kicheko sasa kikawa wazi. Akachota tena, na tena, kwa hasira, akimwaga kila mahali. Ng'ombe walikula. Mama yangu, jinsi walivyokula! Bikizee alikuwa anatafuna amefumba macho. Nilitaka kumbusu. Walipomaliza, Moturone akawafunga tena kwa mstari, akasema, "Tumekula," akageuka.

Kesho yake tukaenda tena. Na kesho kutwa. Siku ya nne tulikuta lango limefungwa kwa kufuli.

Moturone hakugonga. Aliwapanga ng'ombe wake nje ya lango, mmoja mmoja, wanatazama ndani, akasimama nao. Harufu ya nyasi ilikuwa inavuka uzio, na wanyama wale wakaanza kulia. Sitaki kuisikia tena sauti ile. Ilikuwa inaingia kila nyumba. Watu walikuja wakasimama, hakuna aliyecheka siku hiyo. Dirishani pazia lilichezacheza, halafu mlango ukafunguka akatoka Okulun, mkono mmoja funguo, mwingine uma.

"Okulun! Rudi ndani!" Habiris alipiga kelele kutoka nyuma.

"Rudi wewe! Unaona aibu? Mimi naona zaidi, maana nimeolewa nayo!"

Akafungua lango. Akawalisha mwenyewe, tena vizuri, mafungu matano sawasawa, machozi yanamganda mashavuni.

Siku iliyofuata hatukuwahi hata kuwavalisha. Tulisikia trekta. Habiris alikuwa anakuja kwa Moturone, nyuma yake sleji kubwa iliyojaa nyasi mpaka juu, mlima mzima, nyasi za kijani. Nusu ya kijiji ilikuwa inatembea nyuma yake. Nilimshika Moturone mkono. "Yamekwisha, wifi! Ameleta!"

"Ngoja," akasema.

Habiris alisimamisha trekta mbele ya ua, akazima injini. Hakushuka.

"Haya, shemeji. Hizi zitakufikisha mpaka majani yaote, na zaidi. Umenitia aibu kijiji kizima, nami sikukuwekea kinyongo. Nataka kitu kimoja tu. Hapa, mbele ya watu hawa, useme: asante, Habiris."

"Asante ya nini?"

"Ya nyasi."

"Mtu akirudisha alichochukua hashukuriwi."

"Sijachukua kitu!"

"Basi hizo ni zako, zirudishe kwako. Zangu bado ziko tumboni mwa farasi wako."

Watu wakaguna. Nikamvuta pembeni, nikamwambia kwa sauti ya chini, namsihi hasa, "Wifi, neno moja! Neno moja tu! Hulipi kitu. Sema, aondoke, tulishe! Bikizee hajainuka leo."

"Dariya, sikiliza," akaniambia. "Leo nikisema asante, hizi zinakuwa sadaka. Mwaka kesho ataegemeza tena fito kwenye mti, farasi wake watakula tena, naye ataniletea tena sadaka, nami nitainama tena. Nitakuwa ng'ombe wake. Yeye ananilisha, na siku akichoka ananichinja."

"Na hawa wakifa?"

Alitazama chini. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia, vyote pamoja.

"Nahesabu mpaka nimalize sigara hii," Habiris alisema kutoka juu. Akavuta, akaimaliza, akairusha. "Haya. Mwenye kiburi alishe kiburi."

Akawasha injini. Trekta likaanza kugeuka. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini. Moturone akageuka nyuma akaenda zizini, mbio mbio, kwa ile miguu yake mifupi, akavuta mlango.

Wakatoka. Harufu ilikuwa imekwisha kuwafikia huko ndani. Madoa kwanza, kisha Mbweha, kisha maksai, na mwisho, sijui alijinyanyuaje, Bikizee mwenyewe, anayumba. Walikwenda moja kwa moja kwenye sleji wakazamisha vichwa. Ukungu, mtamba, hakuona nafasi, akazunguka mbele akasimama njiani mbele ya magurudumu ya trekta, akinusa injini. Habiris akapiga honi. Ukungu akamlamba taa.

"Waondoe!" Habiris akapaza sauti.

Hakuna aliyesogea. Wale watu wote, majirani, wajomba, watoto, walisimama mikono mifukoni. Habiris akaruka chini na mjeledi wa farasi, akaenda kwa Bikizee aliyekuwa anavuta nyasi kwa pupa, akainua mkono. Bikizee hakuinua hata kichwa. Mbavu zake zilikuwa zinahesabika kutoka mlangoni. Habiris alisimama vile, mkono juu, muda mrefu mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Ni kaka yangu. Nilimfahamu tangu nilipofahamu kitu chochote, na nilijua ile sura: alikuwa nayo alipovunja mundu wa baba akakana.

Mkono ukashuka.

"Nilizitoa mimi," akasema. Hakumtazama mtu. "Zile fito. Nilikuwa nawanasa wale farasi wekundu. Nikasema nitarudi kuzifunga, kukawa na baridi, nikalala."

Ng'ombe tu walikuwa wanatafuna.

"Nimesikia," Moturone akasema. "Na hawa wote wamesikia. Sasa teremsha nyasi. Usizitupe hovyo, zipange kandokando ya zizi, zenye unyevu zikae juu."

"Na asante?"

"Kamwambie Okulun, huyo ndiye umwambie asante."

Kaka yangu mkubwa, mwenye trekta na farasi, akapanda juu ya sleji na uma akaanza kushusha, na watu wakaenda kumsaidia, wakaanza hata kupiga soga na kumtania, na yeye akajibu. Mimi nikatafuta wifi yangu nimkumbatie, nimwambie kwamba yeye ni mwanamke kuliko wanawake. Sikumwona. Nikamkuta nyuma ya zizi, amejibanza kwenye ukuta uliokandikwa samadi ikaganda, analia kwa kwikwi kama mtoto aliyechapwa.

"Ala! Unalia nini nawe? Umeshinda!"

"Nilikuwa karibu kusema, Dariya," akasema. "Nilikuwa karibu kusema asante. Neno lilishafika kwenye ulimi. Nilikwenda kufungua ule mlango niwatazame kwanza, nipate nguvu ya kulisema. Wangechelewa kutoka kidogo tu, ningelisema."

Nikamfuta pua kwa ncha ya kilemba changu, nikamshika mkono, tukarudi mbele kulisha.